WALICHUKUA WACHEZAJI WAKE, YEYE WAKAMUACHA

Zile stori za "msanii fulani" na "mrembo fulani" ambazo huwa hatutaji jina, halafu nyie wenyewe mnajua ni nani, zitarudi wiki ijayo. Leo namtaja mtu kwa jina lake kabisa, maana huyu kakaa miaka mingi bila kutajwa wakati alistahili.

Tuanzie tarehe 19 Mei 2018. Mimi nilikuwa bado nasoma sekondari, na siku ile nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Mikese, karibu na barabara kuu, maroli yanapita nje mpaka bati linatikisika. Kibanda kimejaa jezi nyekundu. Simba walikuwa wameshatangazwa mabingwa na hawajafungwa mechi hata moja msimu mzima. Rais Magufuli mwenyewe alikuwa uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Wapinzani ni Kagera Sugar kutoka Bukoba, yaani kwa akili zetu walikuja kusindikiza sherehe ya watu.

Dakika ya 84, Edward Christopher, kijana aliyelelewa Simba hiyohiyo, akaweka mpira wavuni. Kibanda kimya. Mwishoni kabisa Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akaenda kupiga, langoni yupo Juma Kaseja, kipa ambaye Simba walimtumia miaka na miaka kisha wakaachana naye. Kaseja akapangua. Moja bila. Rais alikabidhi kombe, lakini akawaambia wazi kwamba kwa mpira ule Afrika watapata tabu.

Sasa angalia mabenchi. Upande wa Simba alikaa Pierre Lechantre, Mfaransa aliyebeba Kombe la Mataifa ya Afrika na Cameroon mwaka 2000. Upande wa Kagera alisimama Mecky Mexime. Mwaka huohuo wa 2000, wakati Lechantre anapigiwa makofi Afrika nzima, Mexime alikuwa beki wa kulia wa timu ya kiwanda cha sukari, anabeba ubingwa wa Tanzania kwa mara ya pili mfululizo. Hiyo timu ni ya kwetu Morogoro.

Kwa wale wa Dar mnaojua Moro ni sehemu ya kusimama mnunue machungwa mkienda Dodoma: ukitoka Morogoro mjini unapita Dakawa, ukifika Magole unakunja kulia kwenda Turiani. Huko ni miwa tu. Kiwanda cha Mtibwa kiko huko, na uwanja wao wa Manungu uko katikati ya miwa hiyo, ndiyo maana timu inaitwa Wakata Miwa. Ilianzishwa 1988. Miaka 11 baadaye, 1999, ikawa bingwa wa ligi. Mwaka 2000 ikarudia. Kabla yake Morogoro ilishawahi kutoa bingwa mmoja tu, Mseto, mwaka 1975. Na nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui: tangu Mtibwa ibebe ile ya 2000 mpaka leo hakuna timu ya nje ya Dar iliyochukua ubingwa wa Bara. Ni Simba, Yanga, na Azam mara moja msimu wa 2013/14. Basi.

Mexime alikuwa kwenye kikosi hicho, na tofauti na wenzake wengi hakukimbilia Kariakoo. Alibaki Turiani. Akawa nahodha wa Mtibwa, na enzi za Mbrazili Marcio Maximo, aliyekuja 2006, akavaa kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars. Fikiria hilo bana. Nahodha wa nchi anatoka kwenye timu ya wakata miwa, siyo Msimbazi wala Jangwani. Siku hizi mchezaji wa mkoani akiitwa Stars tu inakuwa habari.

Alipotundika daluga hakwenda mbali, alihamia benchi lilelile la Mtibwa. Na hapa ndipo stori inanoga.

Septemba 2012, Yanga wanakuja Jamhuri, Morogoro, wakiwa na Mbelgiji Tom Saintfiet ambaye miezi miwili nyuma alikuwa amewapa Kombe la Kagame. Mexime ndiyo kwanza anaanza kazi ya ukocha. Mtibwa 3, Yanga 0. Siku chache tu baadaye kibarua cha Saintfiet kikaota nyasi. Miaka miwili mbele, Septemba 2014, ufunguzi wa ligi, Jamhuri hiyohiyo. Safari hii Yanga wamemleta nani? Maximo! Bosi wake wa zamani wa Stars, amerudi kwa mbwembwe zote, na mabango Dar nzima. Mexime akampiga mwalimu wake mbili bila. Kabla mwaka haujaisha, Maximo naye akawa amefungashiwa.

Mimi sisemi Mexime ndiye aliyewafukuzisha hawa. Yanga na Simba wanafukuza makocha hata bila sababu. Nasema tu kwamba walioshuhudia zile mechi walikuwa na macho, na viongozi wa timu hizo walikuwepo jukwaani.

Wakaona nini? Waliona wachezaji. Hassan Kessy, beki wa kulia kama Mexime mwenyewe, alichukuliwa na Simba. Mwaka 2016 Simba wakarudi tena, wakabeba watatu kwa mpigo: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Yanga nao wakamchukua Andrew Vincent, Dante. Yule Kichuya aliyewafunga Yanga moja kwa moja kwa kona Oktoba 2016, ile kona ambayo mpaka kesho watu wanaiposti, alitokea Mtibwa ya Mexime. Mwalimu aliyewanoa wote hawa hakuna aliyempigia simu.

Au tuseme alipigiwa, lakini na kiwanda kingine cha sukari. Mwaka huohuo 2016 alitoka kwenye miwa ya Turiani akaenda kwenye miwa ya Kagera. Nafasi yake Mtibwa akachukua Salum Mayanga, ambaye haikupita hata msimu akapewa Taifa Stars. Hapo tu unaona Turiani palivyokuwa shule.

Msimu wake wa kwanza Bukoba alimaliza wa tatu, juu ya Azam na mapesa yao yote, akapewa tuzo ya kocha bora wa ligi. Lakini kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni mechi ya tarehe 2 Aprili 2017, Kaitaba. Kagera 2, Simba 1. Baada ya hapo vurugu. Simba wakakata rufaa kwamba beki wa Kagera, Mohamed Fakhi, alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati moja ikawapa Simba pointi tatu mezani, kamati nyingine ikazirudisha kwa Kagera. Simba wakatishia kwenda FIFA. Mwisho wa msimu Simba na Yanga wote walikuwa na pointi 68, Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Piga hesabu mwenyewe ile mechi ya Kaitaba ilikuwa na thamani gani. Yanga walikula ubingwa uliopikwa Bukoba, na mpishi hakualikwa hata kwenye sherehe.

Msimu wa 2018/19 ndio unaonichanganya zaidi. Simba ya Patrick Aussems, ile iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ilipoteza mechi tatu tu za ligi. Mbili kati ya hizo ilifungwa na Kagera, nyumbani na ugenini. Halafu msimu huohuo Kagera hiyohiyo ikamaliza chini kiasi cha kucheza mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza ili isishuke daraja. Unamfunga bingwa mara mbili, halafu unahangaika kubaki ligi kuu!

Na hapa lazima tuwe wakweli, siyo kumpamba tu mtu kwa sababu ni wa Moro. Kama kocha, Mexime hana kombe kubwa. Aliifikisha Mtibwa fainali ya Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2015 akafungwa na Simba kwa penalti, 2016 akapigwa tatu moja na URA ya Uganda. Timu zake zinaamka zikiona jezi nyekundu au njano, halafu zinalala mbele ya timu ndogo. Mshkaji wangu mmoja wa kijiweni anasema huyo ni kocha wa mechi, siyo wa ligi. Siyo hoja ya kijinga. Ila mimi namuuliza: kikosi cha timu ya kiwanda, ambacho kila akipatikana mchezaji mzuri anauzwa, kinapata wapi pumzi ya kushinda wiki 38? Januari 2020 Luc Eymael anaanza kazi Yanga, mechi yake ya kwanza kabisa anakutana na Kagera ya Mexime, anakula tatu bila. Mazoezi ya mtu hayawezi kuwa mabaya kiasi hicho.

Tatizo siyo yeye peke yake. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikafungwa na Stella Abidjan hapahapa Dar. Kocha alikuwa Abdallah Kibadeni, mzawa, yule aliyewapiga Yanga mabao matatu peke yake kwenye ile sita bila ya 1977. Ukitaka ushahidi kwamba mchezaji wetu akiwa kocha anaweza, upo miaka zaidi ya 30. Lakini Juma Mgunda aliipeleka Simba makundi ya Ligi ya Mabingwa 2022 kama kocha wa muda, akaja Mbrazili akarudishwa kuwa msaidizi. Hemed Morocco aliipeleka Stars AFCON 2025, mwezi mmoja na kidogo kabla ya mashindano akaondolewa, akapewa mgeni. Mzawa anapewa timu siku moto umewaka, ukizimwa anaambiwa asante.

Mexime naye alionja hiyo. Agosti 2022 Kim Poulsen alipoondolewa Stars, aliitwa kuwa msaidizi wa Honour Janza, na kocha wa makipa alikuwa Kaseja, yuleyule wa penalti ya Okwi. Wakakutana na Uganda kuwania CHAN, wakafungwa nje ndani. Ikaishia hapo. Akarudi Kagera, baadaye Ihefu, kisha Dodoma Jiji. Timu za mikoani zinamjua, zikiona hali mbaya zinamtafuta.

Mtibwa nayo ilishuka daraja 2024, sisi wa huku tulilia kama msiba, ikapanda tena msimu uliofuata. Nimejaribu kutafuta mtandaoni picha nzuri ya kikosi cha 1999, naishia kuona vipicha vyenye ukungu, nusu ya sura huzitambui. Kwa hiyo kama baba yako au mjomba wako alifanya kazi kiwandani Turiani na ana albamu iko kwenye sanduku, ipige na simu unitumie. Andika na majina yao kwa nyuma, wote, hata wa akiba.