Litowa: Kupanda na Kuanguka kwa Ujamaa wa Songea

Azimio la Arusha, lililofanya ujamaa kuwa siasa ya nchi, lilipotangazwa Februari 1967, walikuwapo wakulima wa Songea waliokuwa wameishi kijamaa kwa miaka kadhaa bila kuagizwa na mtu. Mwaka 1960 vijana wa chama cha TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa wakafyeka mashamba. Jaribio la kwanza lilivunjika kwa njaa. Mwaka uliofuata wakarudi na kuanza upya, safari hii kwa uangalifu zaidi. Kufikia 1963 walikuwa wameunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kama RDA, na Mwingereza Ralph Ibbott akahamia Litowa na familia yake kuwa mshauri. Rais Nyerere mwenyewe alifika kuwatembelea, akawaunga mkono.

Kijiji kiliendeshwa na mkutano wa wanakijiji. Wao ndio waliopanga nani alime, nani ajenge, nani awatunze watoto wadogo ili mama zao waende shamba. Waliotaka kuanzisha kijiji kipya walikuja kwanza kukaa Litowa na kuona kazi inavyogawanywa. Shule ya Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, ilipokea watoto wa vijiji vyote vya chama, nao walisoma na kulima. Mjini Songea chama kiliendesha mashine ya kusaga mahindi, na kilikuwa pia na kiwanda cha kupasua mbao. Kufikia 1969 vijiji vilikuwa 17 hivi. Idadi hiyo ni ndogo kwa mkoa mzima, lakini kila kijiji kilijiunga kwa hiari, na hiari ndiyo iliyokuwa nguvu yao yote.

Nguvu hiyo ndiyo iliyowatisha wakubwa. Mkulima aliyezoea kuamua mambo yake mkutanoni hakukubali kirahisi kuambiwa na ofisi ya mkoa alime tumbaku zaidi. Viongozi wa mkoa waliona dola nyingine inaota pembeni yao. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho. Tangu hapo vijiji vyote vya ujamaa vikawa chini ya TANU, chama tawala. Polisi walifika Litowa. Mashine zikachukuliwa, walimu wakatawanywa mikoa mingine, washauri wa kigeni wakaondoka nchini. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia ya ujamaa wetu, kwa sababu waliopigwa ndio waliouamini kwa dhati.

Urusi ilikuwa imetangulia katika njia hiyo ya kuiponda hiari. Mwaka 1917 mabaraza ya wafanyakazi na askari ndiyo yaliyowapa Wabolsheviki nguvu ya kushika dola. Mwaka 1921 mabaharia wa Kronstadt walidai mabaraza yasiyotawaliwa na chama cha Wabolsheviki, wakakandamizwa kwa silaha. Kuanzia 1929 wakulima walisukumwa kwa nguvu katika mashamba ya pamoja, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni, hasa Ukraina.

Kwetu haikufika huko, ila amri nayo ilichukua nafasi ya hiari. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Watu takriban milioni 13 wakajikuta vijijini, wengine baada ya nyumba zao kubomolewa au kuchomwa moto. Ukame ulipoongezeka juu ya vurugu hizo, serikali ililazimika kuagiza chakula kingi kutoka nje. Februari 1991 CCM, chama kilichoirithi TANU, kikikutana Zanzibar, kililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Desemba mwaka huohuo Muungano wa Kisovieti ukavunjika.

Matetereka, kijiji kimoja cha ile RDA, hakikuacha. Wanakijiji wake waliendelea kulima shamba la pamoja hata katika miaka ya 1990.