Fedha za serikali za kuchochea uchumi: Ni kiasi gani kilichomfikia mkazi wa Voi?

UCHUMI wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3 mwaka wa 2020. Kwa mtu anayeisoma takwimu hiyo ofisini, huo ni upungufu mdogo. Katika mji wa Voi haukuonekana hivyo hata kidogo. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta, na watalii wa kigeni waliozuru nchi walishuka kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka wa 2019 hadi chini ya 600,000 mwaka uliofuata. Mji wenyewe huishi kwa msafiri: lori linalopumzika katika safari ya Mombasa hadi Nairobi, abiria anayeshuka stesheni ya reli ya SGR, mgeni anayeingia mbugani kupitia lango la Voi.

Msafiri huyo alitoweka kwa hatua chache za serikali zilizofuatana. Kafyu ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27, 2020. Mapema Aprili, usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale ukapigwa marufuku, na treni ya abiria ikasimama hadi Julai. Mei 16 mpaka wa Tanzania ukafungwa kwa watu, ukaachiwa mizigo pekee. Katika soko la Taveta, ambako wachuuzi kutoka upande wa Holili huja kuuza na kununua, hasara ilikuwa ya siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo lilipozuka tena swali ambalo wataalamu wa uchumi wamelibishania kwa miongo mingi: serikali inapotoa fedha ili kuupiga jeki uchumi uliodorora, je, mwananchi wa kawaida hupata afueni, au fedha hizo huishia kwa wengine?

Nadharia yenyewe si ngumu. Wakati wa mdororo kila mtu hukaza mshipi. Mteja akiacha kununua, mwenye duka humwachisha kazi msaidizi wake, naye msaidizi huacha kununua kwa jirani. Serikali ikimpa mmoja wao pesa, mnyororo huo hugeuka uelekeo. Marekani iliitumia njia hii waziwazi: mtu mzima wa kipato cha kawaida alilipwa dola 1,200 mwaka wa 2020, kisha 600, na 1,400 mwaka wa 2021. Kenya haikuwa na uwezo wa kumtumia kila mtu hundi. Ilichofanya ni kuzigawanya fedha katika mikondo mingi myembamba, na ili kulijibu swali ni lazima kuufuata kila mkondo hadi unapoishia.

Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ukame na msukosuko wa fedha duniani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza katika bajeti ya Juni 2009 mpango wa kuchochea uchumi uliotengewa Sh22 bilioni. Fedha hizo ziligawanywa kwa maeneobunge: shule ya upili ya kuigwa, kituo cha afya, soko, na vidimbwi vya samaki katika maeneobunge 140. Taita Taveta ilikuwa na maeneobunge manne, yaani Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mwaka huo pia mpango wa Kazi kwa Vijana uliwaajiri vijana kwa vibarua vya barabara, miti na mabwawa, kabla ya Benki ya Dunia kuibua maswali mwaka wa 2011 kuhusu matumizi ya sehemu ya fedha ilizoufadhili.

Udhaifu wa mtindo wa 2009 ni kwamba jengo halimlishi mtu wakati linapopangwa. Zabuni hutangazwa, mwanakandarasi huteuliwa, saruji na mabati hununuliwa mbali; kibarua wa mtaa wa Sofia au Birikani hupata siku chache za kuchimba msingi. Shule hubaki, na hilo ni jema, lakini wakati wa kuifungua mdororo wenyewe huwa umepita. Isitoshe, kifurushi kimoja hakiwezi kuufaa kila mkoa. Kidimbwi cha samaki kina maana penye maji ya mwaka mzima, kama kwenye vilima vya Wundanyi au karibu na chemchemi za Taveta. Katika nyanda kavu za Voi, ambako akina mama huamka alfajiri kutafuta maji ya kupikia, ni vigumu kumshawishi mtu ayafugie samaki.

Mwaka wa 2020 serikali ilianza na ushuru. Kuanzia Aprili 1, mwenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi alisamehewa kodi yote ya mapato, kiwango cha juu cha kodi hiyo kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na VAT ikatoka asilimia 16 hadi 14. Tangazo hilo lilishangiliwa. Hata hivyo, msamaha wa kodi ya mshahara humfaa mwenye mshahara. Mpishi wa hoteli ya mbugani aliyetumwa nyumbani bila malipo hakuwa na kodi ya kusamehewa, wala mwendeshaji bodaboda, wala mama anayeuza chai na mahamri kwa madereva wa malori. Wafanyakazi wengi nchini wako katika sekta isiyo rasmi, nao hawakuguswa.

Nafuu ya VAT iliwafikia wachache zaidi ya ilivyodhaniwa. Unga wa mahindi, ambao ndio nguzo ya mlo wa familia maskini, haukuwa ukitozwa VAT hata kabla ya corona, wala mboga zinazoteremshwa kutoka Wundanyi. Mafuta ya kupikia na sabuni hutozwa. Bidhaa iliyouzwa Sh116 ilipaswa kuuzwa Sh114. Familia iliyotumia Sh1,160 kwa bidhaa za aina hiyo ingeokoa Sh20, tena kwa sharti kwamba mwenye duka alishusha bei. Mwenye gari, jokofu na kipato kikubwa aliokoa zaidi, kwa kuwa alinunua zaidi.

Mkondo wa pili ulikuwa wa malipo ya moja kwa moja. Kupitia Inua Jamii, wazee waliotimiza miaka 70, familia zinazolea mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa hupewa Sh2,000 kwa mwezi, ambazo wakati huo kwa kawaida zililipwa Sh4,000 kila baada ya miezi miwili. Malipo kwa wazee wote wa umri huo yalianza mwaka wa 2018. Corona ilipoingia, serikali ilitenga Sh10 bilioni zaidi kwa ajili ya wazee, mayatima na wanyonge wengine.

Sh2,000 si pesa nyingi. Lakini katika vijiji vya Kasighau, Sagalla na Mbololo, fedha za mzee si za mzee peke yake. Bibi anayelea wajukuu huzigawa kabla hajazishika: sehemu hulipa deni la dukani, sehemu hununua unga na mafuta ya taa, sehemu huenda katika chama. Deni la dukani lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana mwenye duka asiyelipwa hawezi kuleta bidhaa nyingine, na akifunga duka kijiji kizima hutembea mbali zaidi. Kwa hiyo malipo ya mtu mmoja huweka hai mkopo wa watu kumi. Kasoro kubwa ni ucheleweshaji. Malipo ya Inua Jamii yamechelewa mara nyingi kwa miezi, na mzee anayeishi mbali na mji hupunguziwa tena na nauli ya kuzifuata.

Ni ushahidi gani upo kwamba pesa mkononi huzaa pesa nyingine? Jaribio moja kubwa lilifanyika hapa nchini, katika Kaunti ya Siaya. Shirika la GiveDirectly lilizipa familia zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia vijiji vilivyopokea na vile ambavyo havikupokea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022, walikadiria kwamba kila dola moja iliongeza uchumi wa eneo hilo kwa takriban dola 2.50. Familia ambazo hazikupewa chochote nazo ziliona mapato yakipanda, huku bei za bidhaa zikipanda kwa kama asilimia 0.1 pekee. Hoja ya kwamba kugawa pesa hupandisha bei tu haikuthibitika huko.

Hata hivyo Siaya si Voi, na fedha zile hazikuwa za mlipa ushuru. Zilitoka nje ya nchi, zikawa nyingi kwa mpigo, katika vijiji vyenye mashamba na vibarua vilivyoweza kuongeza uzalishaji. Shilingi inayotumiwa Voi huondoka upesi. Sukari, sabuni, mafuta na unga wa viwandani hutoka nje ya kaunti, na sehemu kubwa ya bei hurudi huko. Inayobaki ni ile iliyonunua ndizi za Taveta, sukumawiki ya vilimani, maziwa, au kazi ya fundi wa jirani. Anayetaka fedha za serikali zizunguke ndani ya Taita Taveta hana budi kufikiria pia kile kinachouzwa hapo.

Mkondo wa tatu, Kazi Mtaani, ndio uliozungumzwa zaidi na vijana. Awamu ya kwanza, iliyoanza mwishoni mwa Aprili 2020, ililenga mitaa ya mabanda katika kaunti chache, Mombasa, Kilifi na Kwale zikiwemo. Taita Taveta haikuwemo. Awamu ya pili, iliyotengewa Sh10 bilioni, ilianza Julai na kuzifikia kaunti zote 47. Kijana alilipwa Sh455 kwa siku kwa siku 11 za mwezi, jumla Sh5,005, kwa kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kuzoa taka. Kiasi hicho kilizidi maradufu cha Inua Jamii. Lakini miezi iliyoibana Voi zaidi ilikuwa Aprili, Mei na Juni, wakati reli ilipokuwa imesimama na barabara ya Mombasa imefungwa. Kijana wa Voi alianza kupokea msaada wakati treni ilipoanza kurejea.

Kuna fungu moja ambalo halikupewa nafasi kubwa magazetini ingawa liliigusa kaunti hii kuliko nyingi. Katika mpango wa Sh53.7 bilioni uliotangazwa na Rais Kenyatta Mei 23, 2020, Sh1 bilioni zilitengwa kuajiri walinzi 5,500 wa wanyamapori kutoka jamii, na Sh1 bilioni nyingine kuzisaidia hifadhi 160 za jamii. Taita Taveta imejaa hifadhi na ranchi za aina hiyo. Ile ya LUMO, kwa mfano, inaunganisha ranchi za Lualenyi, Mramba na Oza karibu na Tsavo Magharibi. Hifadhi kama hizi hulipa walinzi wake kwa ada za wageni. Wageni wakikosekana, mshahara hukosekana, na ndovu hubaki bila mtu wa kumzuia asiingie shambani. Fedha za namna hii zilimlipa mwenyeji kwa kazi iliyohitajika hapo hapo, na mshahara wake ukatumika kijijini. Linganisha na Sh2 bilioni zilizotengewa hoteli katika mpango huo huo. Hizo zilikuwa mikopo nafuu ya kukarabati majengo. Mwenye hoteli aliweza kupaka rangi vyumba visivyo na wageni, ilhali mhudumu aliyeachishwa kazi hakuwa na fomu ya kujaza.

Suala la nani aandikishwe lilizua manung'uniko kote nchini. Jijini Nairobi, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti mwaka wa 2021 kwamba malipo ya kila wiki ya wakati wa corona yalizifikia familia takriban 29,000 kati ya 600,000 za mitaa ya mabanda, na kwamba wengi hawakujua hata jinsi ya kuomba. Orodha inapoandikwa na wachache bila kubandikwa hadharani, jina la jamaa wa mwandikaji huonekana upesi kuliko la mjane wa mwisho wa kijiji. Vigezo vya umri, kama kile cha miaka 70, vina ubora huo mmoja: kitambulisho hakibembelezwi.

Baadhi ya nafuu za ushuru zilifutwa Januari 1, 2021. VAT ikarudi asilimia 16 na kiwango cha juu cha kodi ya mapato asilimia 30. Awamu ya pili ya Kazi Mtaani ikakamilika Machi mwaka huo. Kafyu haikufutwa hadi sherehe za Mashujaa, Oktoba 20, 2021, siku ambayo Rais Kenyatta alitangaza pia awamu ya tatu ya Kazi Mtaani. Kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na miezi saba, ambamo hoteli za Tsavo zilikuwa zingali zikisubiri wageni na kijana wa Voi hakuwa na ujira wa serikali.