Nani Aliipa Swichi Kazi Yake?
Jamani, rimoti ya ndege za mfano imetoka mbali. Mwaka 1937 mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha yao kwa redio. Baadaye wengi walitumia kitufe kimoja tu: bonyeza, usukani unakata kulia, bonyeza tena, kushoto. Ukisahau zamu, ndege chini!

Kisha swichi zikaongezeka, ila kazi ya kila moja iliamuliwa na waya. Kompyuta ikabadilisha mambo. Programu huria er9x iliandikiwa rimoti ya bei nafuu, Turnigy 9X. Mwaka 2013 Taranis ya FrSky ikaja na OpenTX. Sasa swichi ni jina tu, kazi unaipa wewe. Basi anza na ya kuzima mota: propela haitambui kidole cha mwenyewe.