Msonge (Karagwe na Kyerwa)

Msonge ni nyumba ya jadi ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ilijengwa na Wanyambo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, na pia na majirani zao Wahaya.

Udhibiti wa joto

Ingawa wilaya hizo ziko karibu na ikweta, sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku huwa na baridi. Nyasi nene hushika hewa kati ya mabua yake, na hewa hiyo hupitisha joto polepole. Kwa hiyo jua la mchana haliingii upesi, wala joto la moto wa jikoni halitoki upesi usiku. Hata hivyo, moshi hudhuru macho na mapafu, na nyasi huwaka kwa urahisi.

Mabadiliko

Siku hizi nyumba nyingi huezekwa kwa bati, ambalo hupata joto haraka mchana na kupoa haraka usiku. Kidhibiti joto cha umeme huwasha na kuzima mashine tu. Hakizuii joto kupita paani. Dari, madirisha ya kupitisha hewa na baraza yenye kivuli husaidia bila kutumia umeme.