Mwenye Maslahi: Mtu wa Tatu Katika Kesi

Mkazi wa kaunti fulani nchini Kenya anafungua kesi ya kikatiba akitaka leseni zote za kuchimba mchanga mtoni zifutwe. Anayeshtakiwa ni serikali ya kaunti. Mwenye leseni, aliyekopa ili anunue lori, hakushtaki wala hakushtakiwa, na hukumu ikitoka ndiye wa kwanza kuumia. Sheria humruhusu kuiomba mahakama imwingize katika kesi hiyo. Tumwiteje?

Wengi husema "mdau". Neno hilo limelegea mno. Mdau wa elimu ni mzazi, mwalimu, mchapishaji, hata fundi wa sare. Kanuni za mwaka 2013 za kesi za haki za msingi zinadai zaidi: mtu awe na maslahi yanayotambulika, au ya kisheria, au awe na wajibu, katika kesi ambayo yeye si mdai wala mdaiwa. Ndiyo maana nachagua "mwenye maslahi". Najua mtaani ukiambiwa "una maslahi yako hapa" umetukanwa. Mahakamani usipokuwa nayo hupiti mlangoni.

Mwaka 2016, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwombaji athibitishe nini. Maslahi yake yawe bayana na ya karibu, si ya pembeni. Aonyeshe madhara yatakayompata akiachwa nje. Kisha aeleze hoja atakazozitoa, na zisiwe marudio ya yale ambayo wengine watayasema. Sharti hili la mwisho lina busara: mchimbaji anayekuja kuimba wimbo uleule wa wakili wa kaunti anaipotezea mahakama muda, lakini anayekuja na mkataba wake wa mkopo na risiti za ada alizolipa ana neno ambalo hakuna mwingine wa kulisema.

Akikubaliwa, bado hana uhuru wote. Kesi inabaki ya walioianzisha. Hawezi kuigeuza iwe ya ushuru anaodhani ni mkubwa kupita kiasi. Akitaka hilo, afungue yake.

Asichanganywe na rafiki wa mahakama. Huyo, tuseme mtaalamu wa mito, huja na ujuzi tu, na hatakiwi kuegemea upande wowote. Mwenye maslahi anaegemea, tena waziwazi.

Tanzania jambo hili lina njia yake. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya Kwanza, kanuni ya 10, huiwezesha mahakama kumuunganisha katika hatua yoyote mtu ambaye bila yeye shauri haliwezi kuamuliwa kikamilifu. Aliyeunganishwa hivyo anakuwa mdai au mdaiwa kamili. Mfasiri akimwandika "mwenye maslahi", atakuwa amempunguzia cheo.