Mgeni wa Raha Leo

Kila Januari 12 Unguja hupigwa gwaride, waasisi hutajwa, Mzee Karume huombewa dua. John Okello hupitwa kimyakimya. Ajabu yake, siku ile ya 1964 sauti iliyosikika redioni kutoka Raha Leo ilikuwa yake: Kiswahili chenye lafudhi ya Uganda, kikijiita Fildi Mashali na kutoa amri za kutisha. Wengi mjini hawakuwahi hata kumsikia.

Alikuwa mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Alifika Pemba 1959 kutafuta riziki, akafanya uashi na vibarua, akahamia Unguja 1963. Uhuru wa Desemba 10 ulidumu mwezi mmoja na siku mbili. Watu wenye mapanga na marungu wakavamia ghala ya silaha ya polisi pale Ziwani, na kituo cha Mtoni, Sultani Jamshid akakimbia kwa meli. Machi, Okello akitoka safari ya bara, Karume akamkatalia kurudi. Miezi miwili tu, jamani!

Historia rasmi inasema mpango ulikuwa wa ASP na Kamati ya Watu 14. Wapo wanaosema Okello alifutwa kwa wivu. Mimi naona kuna zaidi. Tangu mwanzo waliopinduliwa walisema yale hayakuwa mapinduzi bali uvamizi wa watu wa nje. Ukimsifu Mganda, umewapa hoja. Ndiyo maana kitabu cha Harith Ghassany, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! (2010), kiliwasha moto: kinasimulia wakata mkonge wa Tanga waliovushwa kutokea Kipumbwi. Ushahidi ni uleule, mmoja anausoma "tulisaidiwa", mwengine "tulivamiwa". Na hapo hujauliza bado nani khasa ni mgeni, katika kisiwa ambacho karibu kila ukoo una hadithi ya jahazi.

Wajerumani Mashariki hawana shida hiyo. Majumba ya Michenzani yapo, watu wanaishi humo, na yeyote atakuambia nani alisaidia kuyajenga. Nyumba haina kesi, bunduki inayo.

Waganda nao wana mtihani wao. Kampala ilikombolewa Aprili 1979 na JWTZ pamoja na wapiganaji wa UNLA, lakini makaburi ya mashujaa wetu wa vita ile yako Kaboya, Kagera, upande huu wa mpaka.

Okello alijitetea mwenyewe katika Revolution in Zanzibar, kilichochapishwa Nairobi 1967. Kisome, ila kwa tahadhari: kimejaa ndoto, sauti ya Mungu na majigambo, na hesabu zake za waliouawa usizichukue hivihivi. Lakini ukikifunga unabaki na swali: mbona hakuna aliyejisumbua kumjibu ukurasa kwa ukurasa? Alionekana mara ya mwisho Uganda, 1971, Amin akiwa ameshatwaa nchi. Kaburi lake halijulikani.