Mashua Iliyopita Usukuma Mabegani

Waunda mashua wa Ulaya huyeyusha risasi, wakaisubu katika kalibu, wakailainisha kwa randa na kuifunga chini ya mkuku, mashua isipinduke. Uzito wa namna hiyo usingeifaa mashua ya Stanley, Lady Alice, maana yenyewe ilikuwa mzigo. Ilikuwa ya mbao, urefu wake futi 40, imegawanywa vipande vitano. Ilitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ikapita nchi yetu ya Usukuma mabegani mwa wapagazi, ikafika Kageyi, ufukoni mwa Ziwa Nyanza, tarehe 27 Februari 1875. Waliofika hawakutimia nusu ya walioanza safari. Wengine walikufa, wengine walitoroka. Watoto wetu twawafundisha jina la Stanley. Basi na tuwafundishe pia habari za mabega yale.